Video Haimo Ukurasani: Uhakiki wa Istilahi "Ambatisha", "Bandika" na "Pachika"

Katika orodha ya istilahi za wavuti iliyoletwa mezani petu ili ichunguzwe kabla ya kusanifiwa, kuna kidahizo kimoja kilichotushughulisha kuliko vingine vyote. Nacho ni kile kinachohusu kitendo cha kuionyesha video iliyoko mtandaoni ndani ya ukurasa wa wavuti wa mtu mwingine. Mtayarishaji wa orodha ametoa maneno matatu, "ambatisha", "bandika" na "pachika", akayatenganisha kwa mkato kana kwamba mtumiaji anaweza kulichukua lolote alipendalo na dhana ikabaki ile ile. Fasili aliyoiandika mbele yake ni fupi mno: kutia video katika ukurasa. Tunakusudia kuonyesha hapa kwamba maneno hayo matatu si visawe, na kwamba fasili hiyo, fupi ilivyo, inasema jambo ambalo si kweli.

Kabla ya kwenda mbali, hatuna budi kukiri kwamba kosa hili si la mtayarishaji peke yake. Miaka michache iliyopita ulipita mikononi mwetu mwongozo wa TEHAMA uliokusudiwa kuwasaidia walimu kutengeneza kurasa za masomo. Kazi yetu ilikuwa kuikagua lugha. Humo mlikuwa na sentensi iliyomwelekeza mwalimu "kuambatisha video katika ukurasa wake", nasi tuliipitisha bila kuweka hata alama ya kuuliza pembeni, kwa sababu sarufi yake ilikuwa safi na neno lenyewe lilikuwa la Kiswahili. Mkaguzi wa lugha ambaye haulizi jambo lenyewe hutendekaje hukagua mavazi tu, asimtazame aliyeyavaa. Ndivyo tulivyofanya.

Baadaye tulipata barua ya mwalimu mmoja wa Biolojia katika shule ya sekondari ya kata. Mwalimu huyo, kwa kuufuata mwongozo ule hatua kwa hatua, alitengeneza ukurasa wa somo la mzunguko wa damu akiwa mjini, ambako intaneti hupatikana, akatia humo video tatu kutoka YouTube. Alipoufungua ukurasa video zilionekana vizuri. Basi alilinakili faili la ukurasa katika flashi, akapanda basi, akarudi kituoni kwake. Siku ya somo aliazima projekta na jenereta, na wanafunzi wa mikondo miwili wakakusanywa katika chumba kimoja. Ukurasa ulipofunguliwa maneno yote yalikuwapo, lakini pale palipopasa kuwa na video palikuwa na miraba mitatu mitupu. Mwalimu hakulalamika sana katika barua yake. Aliuliza swali moja tu: ikiwa video zilikuwa zimeambatishwa, zilibaki wapi?

Swali hilo, ingawa limeulizwa na mwalimu wa Biolojia, ni swali la istilahi tupu. Mwalimu hakukosea hatua yoyote ya kiufundi. Aliliamini neno. Kitu kilichoambatishwa huenda pamoja na kile kilichoambatishwa nacho, na mtu anayejua Kiswahili hana sababu ya kufikiri vinginevyo.

Ni nini basi hutendeka? Mtu anapoandika ukurasa wa wavuti huandika matini yenye alama maalumu ziitwazo tagi, ambazo hukiambia kivinjari kipi ni kichwa cha habari, ipi ni aya, na ipi ni picha. Ikiwa anataka kuonyesha video iliyohifadhiwa YouTube au Vimeo, kile anachokiandika ukurasani si video hata kidogo. Ni kipande kifupi cha msimbo, chenye herufi mia chache tu, kinachotaja anwani ya video hiyo pamoja na vipimo vya dirisha litakaloionyesha. Kwa mfano, upana wa pikseli 560 na kimo cha pikseli 315. Video yenyewe yaweza kuwa na ukubwa wa mamia ya megabaiti, nayo haitoki ilipo. Kivinjari cha msomaji kinapokifikia kipande hicho hutuma ombi la pili, safari hii kwa seva ya mwenye kuhifadhi video, na seva hiyo ndiyo inayoleta picha na sauti moja kwa moja kwa msomaji. Msomaji ni mmoja na ukurasa auonao ni mmoja, lakini seva zinazomhudumia ni mbili, na huenda zikawa katika mabara mawili.

Kutokana na hayo huzuka mambo kadhaa ambayo mtumiaji wa kawaida hupaswa kuyajua, na ambayo neno zuri lingemsaidia kuyajua. Aliyeipakia video akiifuta, mraba katika ukurasa wetu hubaki na tangazo la kwamba video haipatikani, nasi hatuwezi kufanya lolote. Akiifanya ya faragha, matokeo ni hayo hayo. YouTube humruhusu mwenye video kukataza isionyeshwe katika kurasa za wengine, na akikataza leo, kurasa zote zilizokuwa zikiionyesha jana huinyimwa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kivinjari cha msomaji huzungumza na seva ya pili, seva hiyo hupata habari kwamba msomaji fulani ameutembelea ukurasa wetu. Kwa sababu hiyo YouTube imeweka anwani ya pekee kwa wale wanaotaka kuonyesha video huku ufuatiliaji wa wasomaji wao ukipunguzwa. Mwenye ukurasa anayedhani kwamba video "imo" katika ukurasa wake hawezi kuliona jambo hilo, sembuse kulichukulia hadhari.

Tukiitazama lugha chasili tunaona kwamba hata Waingereza wenyewe hawakutuachia mfano mwema. Neno lao, "embed", kwa asili lina maana ya kukaza kitu ndani ya kitu kingine kikakaa kabisa, kama jiwe lililozama katika saruji. Lilipata kuwa jina la tagi katikati ya miaka ya 1990, pale kampuni ya Netscape ilipotaka kuvipa vivinjari vyake njia ya kuonyesha vitu visivyokuwa maandishi wala picha za kawaida, kwa msaada wa programu za nyongeza. Microsoft nao, katika kivinjari chao cha mwaka 1996, walileta tagi nyingine iitwayo "iframe", ambayo hufungua ndani ya ukurasa mmoja fremu ya kuonyeshea ukurasa mwingine. Kanuni za HTML 4.0 zilizotangazwa Desemba 1997 ziliikubali hii ya pili na kuiacha ile ya kwanza nje. Hiyo ya kwanza haikupata kibali rasmi mpaka HTML5 ilipokamilishwa Oktoba 2014. YouTube, ambayo ilianzishwa mwaka 2005, iliwapa watu msimbo uliotegemea programu ya Flash, kisha mwaka 2010 ikaanza kutoa msimbo wa "iframe". Flash yenyewe ilifikia mwisho wake: kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na tangu tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake yasicheze, hata kurasa zilizokuwa zikiitegemea bila kurekebishwa zikabaki na miraba mitupu kama ile ya mwalimu wetu.

Maana ya historia hii kwa mwanaistilahi ni kwamba kitendo tunachokizungumzia kinafanywa leo, kwa sehemu kubwa, kwa tagi ya fremu, lakini kimeendelea kuitwa kwa jina la tagi nyingine ambayo ilikuwa na kazi nyingine. Anayetafsiri jina hilo la Kiingereza badala ya kukitaja kitendo huurithi mkanganyiko ambao haukuwa wetu. Imekuwa desturi ya baadhi yetu kulishika neno la Kiingereza, kulifungulia kamusi, na kuchagua neno la kwanza la Kiswahili linalokutana nalo. Desturi hiyo hutoa maneno mengi kwa siku moja, na orodha hii ni ushahidi wake.

Sasa tuyapime maneno yenyewe.

"Ambatisha" hutokana na "ambata", yaani kushikamana na kitu, kukiandama kisikiache. Wanasarufi wetu wanalijua vizuri, kwa maana husema nomino ambata wakikusudia maneno mawili yaliyoungana yakawa moja. Katika ofisi zetu kiambatisho ni karatasi iliyofungwa pamoja na barua, na barua ikienda nayo huenda. Barua pepe ilipokuja neno hilo lilipata kazi mpya bila kubadilisha tabia yake, kwa kuwa faili lililoambatishwa kwa hakika husafiri na barua pepe na kufika kwa mpelekewa. Hapo istilahi imekaa mahali pake, na ni moja ya zile ambazo hatujasikia mtu akizigombania. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kwa video ya ukurasani. Kulitumia neno moja kwa kitu kinachosafiri na kwa kitu kisichosafiri ni kumnyima mtumiaji tofauti anayoihitaji kuliko zote.

"Bandika" lina tatizo la namna nyingine. Tunabandika tangazo ukutani, stempu juu ya bahasha, plasta juu ya kidonda, na sufuria mekoni. Katika matumizi yote hayo kitu chenyewe kipo hapo, kimegusana na kile kilichokipokea. Tungeweza pengine kuvumilia upungufu huo, lakini "bandika" limekwisha kupewa kazi katika kompyuta. Mtumiaji hunakili maandishi mahali pamoja na kuyabandika mahali pengine, na maandishi hayo hukaa hapo. Mbaya zaidi ni kwamba kazi hiyo ya pili hutokea katika shughuli hii hii tunayoizungumzia: mtu huunakili msimbo kutoka YouTube, akaubandika katika ukurasa wake, na kwa kufanya hivyo video ikaonekana. Kinachobandikwa ni msimbo. Tukisema pia kwamba video imebandikwa, mwongozo utamwambia mwanafunzi abandike ili abandike, naye atakuwa na haki ya kutucheka.

Katika mazungumzo yetu ya ofisini yalitajwa maneno mengine mawili matatu. "Chomeka" tuliliacha mapema, kwa kuwa limekwisha kushikamana na plagi na chaja. "Pandikiza" lina mvuto kwa wakulima na madaktari, lakini kilichopandikizwa huota mizizi kikawa sehemu ya kile kilichokipokea, na isitoshe "pandikizi" katika siasa zetu ni mtu ambaye hakuna anayetaka kuwa naye chumba kimoja. Mwenzetu mmoja mwenye asili ya pwani alipendekeza "shubaka", yaani ule uwazi mdogo katika ukuta wa nyumba za mawe unaopitisha mwanga na kumwezesha aliye ndani kutazama nje. Tunakiri kwamba picha hiyo ilitupendeza sana, kwa maana video ya YouTube katika ukurasa wetu ni kitu cha nje kinachoonekana kutoka ndani. Lakini shubaka ni jina la mahali, na tulichokuwa tukikitafuta ni kitenzi. Tena wapo wazungumzaji wengi wa bara ambao ingebidi wafundishwe kwanza nyumba ndipo wafundishwe wavuti.

Limebaki "pachika". Twasema wazi kwamba tulipoanza uchunguzi huu tulikuwa tumekusudia kulikataa pia. Sababu yetu ilikuwa kwamba katika Kiswahili cha magazeti ya siku hizi kupachika ni kukazia kitu mahali kwa namna isiyorudi nyuma. Mchezaji akipachika bao, bao limeingia. Mtu akipachikwa jina la utani atakwenda nalo mpaka kaburini. Yapo na matumizi mengine ya mitaani ambayo hayafai kutajwa mbele ya wakwe, nayo pia yana sura hiyo ya jambo lililokwisha kuwa. Tukadhani kwamba neno hili, kama yale mawili, lingemwambia mwalimu kwamba video imeingia na imekaa.

Lakini tulipoyarejea matumizi ya zamani, ambayo hayajafa, tuliona jambo jingine. Mpiga upinde hupachika mshale katika uzi wa upinde. Mtu hupachika kisu kiunoni, kati ya mshipi na nguo. Fundi seremala hupachika penseli sikioni. Katika kupachika huku hakuna gundi, hakuna msumari, hakuna fundo. Kitu hushikwa na mahali kilipowekwa, kwa kubanwa kati ya hiki na kile, nacho hubaki kitu kamili chenye nafsi yake. Penseli haiwi sehemu ya sikio. Mshale haukai katika upinde ila kwa muda, na uzi unaoushika hauwezi kudai kwamba mshale ni wake. Fundi akiinamisha kichwa, penseli huanguka.

Hiyo ndiyo hali ya video katika ukurasa usiokuwa wake. Msimbo umeacha nafasi ya upana na kimo fulani kati ya aya na aya. Video hushikwa hapo kwa muda ambao ukurasa uko wazi na mwenyewe ameridhia. Seva ya mbali ikikataa, nafasi hubaki tupu na aya zinazoizunguka hazipungukiwi herufi hata moja. Kwa hiyo, kati ya maneno matatu ya orodha, "pachika" peke yake ndilo lililokuwa na maana inayohitajiwa tangu zamani, kabla ya kompyuta kufika. Tunalazimika kuubadili uamuzi wetu wa kwanza, na tunafanya hivyo kwa furaha.

Wapo watakaosema kwamba maana hiyo ya mshale na penseli imefunikwa na ile ya bao, na kwamba kijana wa leo hakupata kumwona mpiga upinde. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo istilahi haiishi kwa maana yake ya kawaida peke yake, bali kwa fasili iliyopewa na kwa maneno yaliyowekwa kando yake. Tazama "pakia" na "pakua". Mabaharia walipakia jahazi na kupakua jahazi, na mama zetu wanapakua wali kutoka chunguni. Maneno hayo yalipopewa kazi ya kupeleka faili mtandaoni na kulileta kwetu hakuna aliyehitaji semina, kwa sababu yalikuja wawili wawili, kila moja likimlinda mwenziwe. Vivyo hivyo "kivinjari" kimekubalika, ingawa wengi wanaokitumia hawana habari kwamba kuvinjari kulikuwa kuzunguka-zunguka huku na huko, na aghalabu baharini. "Pachika" nalo litasimama ikiwa litapewa jirani wa kulilinda.

Jirani huyo hayumo katika orodha, na hapa ndipo penye upungufu mkubwa kuliko ule wa visawe vitatu. Vitendo ni viwili. Upo uwezekano wa kuwa na faili la video katika seva yetu wenyewe, au katika flashi pamoja na ukurasa, na kulionyesha kwa tagi ya video iliyoletwa na HTML5. Hapo video ni yetu kuitunza, ukubwa wake unakula nafasi yetu, na ukurasa ukinakiliwa pamoja na faili lake katika flashi, video itacheza hata mahali pasipo na mtandao. Na upo huu wa kuionyesha video iliyoko kwa mwingine. Orodha imevifunika vitendo vyote viwili kwa fasili ile moja ya "kutia video katika ukurasa". Kwa maoni yetu kitendo cha kwanza kiitwe kwa neno la kila siku, "kuweka video", kwa kuwa kilichowekwa kipo, na "kupachika" kuachiwe kitendo cha pili peke yake. Mwalimu wetu alihitaji kuweka, kwa idhini ya wenye video. Mwongozo ulimfundisha kupachika, ukaita kuambatisha.

Huenda msomaji akaona kwamba tunakuza mambo, na kwamba somo moja lililoharibika si sababu ya kurasa zote hizi. Tungemwomba atazame jambo hili lilivyofika mahakamani katika nchi nyingine. Mnamo tarehe 21 Oktoba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ilitoa uamuzi katika shauri la BestWater. Kampuni hiyo, inayouza vichujio vya maji, ilikuwa imetengeneza filamu fupi juu ya uchafuzi wa maji. Filamu ikaonekana YouTube, na wauzaji wawili waliokuwa wakimfanyia kazi mshindani wake wakaipachika katika tovuti zao. Mahakama iliona kwamba kufanya hivyo peke yake si kuifikisha kazi kwa umma upya, maadamu haikuletwa mbele ya umma mpya wala kwa njia mpya ya kiufundi. Machi 2021 mahakama hiyo hiyo iliongeza sharti: ikiwa mwenye haki ameweka vizuizi vya kukataza kazi yake isionyeshwe katika fremu za wengine, basi anayeipachika kwa kuvipita vizuizi hivyo anaifikisha kwa umma mpya, na anahitaji idhini.

Nchini Marekani mabishano yamekuwa makali zaidi. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa, katika shauri la Perfect 10 dhidi ya Amazon, iliamua kwa kutazama faili limehifadhiwa katika seva ya nani: asiyekuwa na faili katika seva yake haonyeshi nakala, anaelekeza tu ilipo. Februari 2018 mahakama ya shirikisho huko New York ilikataa kipimo hicho, katika shauri la picha ya mchezaji Tom Brady ambayo vyombo vya habari viliipachika katika kurasa zao kutoka Twitter. Na mwaka 2023 Mahakama ya Mzunguko wa Tisa, katika shauri la Hunley dhidi ya Instagram, ikashikilia msimamo wake wa awali. Waamuzi wenye elimu kubwa wamebishana kwa miaka mingi juu ya swali lile lile la mwalimu wetu: kitu kiko wapi?

Mashauri hayo si ya kwetu, wala hayazibani mahakama zetu. Lakini Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Maana yake ni kwamba shauri la namna hii likitokea hapa, mlalamikaji, wakili na hakimu watalijadili kwa Kiswahili, na watachukua maneno waliyowekewa. Hati ya madai ikisema kwamba mdaiwa "aliambatisha" video ya mlalamikaji katika ukurasa wake, imekwisha kusema kwamba nakala ilikuwa mikononi mwake na kwamba aliigawa. Ikisema kwamba "aliibandika", imesema nusu ya hayo. Mdaiwa atakuwa ameshindwa na kamusi kabla ya kusikilizwa. Ikisema kwamba "aliipachika", na fasili ya neno hilo ikawa imeandikwa sawasawa, hakimu atalikuta swali bado liko wazi mbele yake, naye ndiye mwenye kazi ya kulijibu.

Kwa hiyo tumeirudisha orodha kwa mtayarishaji pamoja na mapendekezo yafuatayo. Kwanza, "ambatisha" lifutwe katika kidahizo hiki na libaki katika barua pepe. "Bandika" lifutwe na libaki pamoja na "nakili". Pili, fasili ya "pachika" iandikwe hivi: kuonyesha ndani ya ukurasa wa wavuti video au maudhui mengine yaliyohifadhiwa katika seva nyingine, kwa msimbo unaotaja anwani yake, pasipo kuyanakili, maudhui hubaki kwa mwenyewe na hayaonekani bila mtandao. Sehemu hiyo ya mwisho mtayarishaji ameiona ndefu, na amesema kwamba fasili si mwongozo wa matumizi. Sisi tumeshikilia ibaki. Tatu, kiongezwe kidahizo cha "weka" chenye fasili yake mbali, na kile kipande kinachonakiliwa kiitwe "msimbo wa kupachika".

Kuhusu kitendo cha kuiondoa video iliyopachikwa, kanuni ya unyambuaji inatupa njia, kwa kuwa "bandika" limezaa "bandua", "chomeka" limezaa "chomoa", na "anika" limezaa "anua". Kwa mwendo huo ingeundwa "pachua". Tumesita, kwa sababu katika kusikia neno hilo liko karibu mno na "pakua", na mtu atakayeambiwa kwa simu apachue video huenda akaipakua. Kwa sasa tumependekeza "ondoa", na tungefurahi kupata maoni ya wasomaji wanaofundisha kompyuta mashuleni juu ya jambo hili.

Mwalimu wa Biolojia tumekwisha kumjibu. Tumemweleza kwamba video zake tatu hazikupotea njiani. Hazikupata kupanda basi. Mwongozo ule bado unatumika kama ulivyo, kwa kuwa toleo la pili halijachapwa, na katika nakala yetu sentensi ile tumeipigia mstari kwa penseli.